Barua Zilirudi na Mafundo Yake

Barua ya posa ya kwanza iliyoletwa kwetu kwa ajili yangu ilirudi kwa wenyewe na fundo lake halijafunguliwa. Ilikuwa mwaka 1988, nami nina miaka 20. Mshenga alikuwa mzee wa Chumbageni, hapa Tanga, kavaa kanzu na kofia, kaja na sinia, na juu ya sinia kitambaa cheupe kilichofungwa. Ndani yake, kama ilivyo desturi, mlikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha barua pamoja na pesa za kufungulia barua. Nilikiona kitambaa kile kupitia pazia la mlango wa chumba changu. Pembeni kilishonwa ua dogo la uzi mwekundu, kazi ya mtu aliyekaa chini akatulia, na ncha zake nne zilikusanywa zikafungwa fundo moja. Baba alimkaribisha mgeni barazani, akammiminia kahawa, wakazungumza habari za bandarini na bei ya nazi. Mgeni alipoaga, baba alikinyanyua kile kitambaa kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, akamrudishia.

"Huyu mtoto mgonjwa," alisema. "Mwambie aliyekutuma, nashukuru."

Hakuuliza kijana ni nani, kwao wapi, anafanya kazi gani. Zikaja posa nyingine mbili, ya 1990 na ya 1991, na hiyo ya mwisho ilitoka kwa kijana yule yule wa kwanza. Zote zilipokewa kwa kahawa na kurudishwa kwa mikono miwili. Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyenieleza baadaye kilichowauma wale watu. Posa kukataliwa si fedheha. Watu hukataliwa kila siku, barua ikafunguliwa, ikasomwa, jibu likapelekwa kwa maneno mazuri, na mkikutana sokoni mnasalimiana. Wao walirudishiwa fundo lao vile vile walivyolifunga. "Kama vile hawakuja," alisema shangazi.

Mambo haya nilikuwa nimeyaweka mbali. Kilichonirudisha kwayo ni sinema moja ya zamani sana, niliyoitazama mwaka 2021 nikiwa nimekaa bega kwa bega na baba mwenyewe.

Wakati huo baba alikuwa akiishi kwangu Makorora. Alikuwa na miaka 83, macho yamekwisha nguvu lakini masikio mazima. Binti yangu alirudi likizo kutoka chuo, anasoma fasihi ya Kiingereza, akaja na kompyuta yake na sinema aliyotakiwa kuiandikia kazi. Inaitwa The Barretts of Wimpole Street, ya mwaka 1934, nyeusi na nyeupe, iliyotengenezwa na MGM ya Marekani na kuongozwa na Sidney Franklin. Baba aliposikia neno sinema akataka asogezewe kiti. Ujana wake aliumaliza katika viti vya Majestic, enzi ambazo Tanga mtu alikuwa akipiga pasi shati kwa ajili ya kwenda sinema, na mpaka uzee ule alikuwa bado akiimba vipande vya nyimbo za Kihindi ambazo maneno yake hakuyajua. "Nitafsirie," akaniambia. Basi nikakaa karibu na sikio lake la kulia, nikawa natafsiri kama wale watafsiri wa vibanda vya video, mtu anasema kule na mimi nasema huku.

Sinema yenyewe ni kisa cha watu waliokuwapo kweli. Elizabeth Barrett alikuwa mshairi mwenye jina Uingereza, mgonjwa wa miaka mingi, anaishi chumba cha juu katika nyumba namba 50 ya mtaa wa Wimpole, London. Mama yao amekufa zamani. Baba yao, Edward Moulton-Barrett, aliyezaa watoto 12, amepiga marufuku yeyote kati yao kuoa au kuolewa. Si kwamba hajapatikana mchumba anayefaa. Amekataza tu, wanaume kwa wanawake, na hatoi sababu. Januari 1845 mshairi mwenzake, Robert Browning, anamwandikia barua Elizabeth kwamba anayapenda mashairi yake, na mwezi Mei anaruhusiwa kumtembelea. Elizabeth ana miaka 39 hapo, na bado baba mtu ndiye anayeamua kama dirisha lifunguliwe.

Norma Shearer ndiye aliyemcheza Elizabeth, na Fredric March akamcheza Browning. Wote wawili wazuri. Lakini mtu ambaye sikuweza kumwondolea macho ni Charles Laughton, aliyemcheza baba. Nilipotafuta habari zake baadaye nilishangaa: alikuwa amemzidi Norma Shearer miaka 3 tu, na mwaka ule alikuwa na miaka 35. Uzee wote ule aliutengeneza kwa namna ya kusimama na namna ya kuingia mlangoni. Akiingia chumbani, watoto wanaacha kucheka. Hajasema neno, hajainua mkono, na chumba chote kimebadilika. Watoto wakubwa, wanaume wenye ndevu, wananyooka kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.

Namjua mtu wa namna hiyo. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, mkono wangu uko juu ya mkono wa kiti chake.

Mapema kabisa kuna tukio la kinywaji. Daktari amemwandikia Elizabeth bia nyeusi, eti imtie nguvu, naye haiwezi, inamtia kichefuchefu. Baba anaingia, anaagiza iletwe, anasimama mpaka binti aimeze. Hampigi. Anamwambia kwamba anataka kutiiwa kwa mapenzi, si kwa hofu, huku kila mtu mle chumbani akitetemeka. Kisha usiku, katika chumba kile kile, anapiga magoti kando ya kiti cha mgonjwa na kumwombea dua.

Hapo sauti yangu ilianza kukwama.

Kwa sababu mimi nilikuwa mgonjwa kweli. Pumu ilinianza nikiwa na miaka 6, na mwenye kuijua pumu anajua kwamba si ugonjwa wa kubuni. Usiku kifua kinabana, unavuta hewa haifiki, mabega yanapanda, unaketi umeshika magoti mpaka alfajiri. Nyumba yetu ilikuwa Ngamiani, katika moja ya zile barabara zinazoitwa kwa namba, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, na chumba changu kilikuwa cha mbele, dirisha lake la mbao linatazama njia. Mama alipofariki mwaka 1977, mimi nina miaka 9, baba alilipigilia dirisha lile misumari. Alisema vumbi la njiani na upepo wa kusi ndivyo vinavyoniua. Misumari ilikuwa minane. Naijua idadi kwa sababu nilikuwa naihesabu usiku nikikosa usingizi, na taa ya kandili inatupa kivuli kidogo chini ya kila kichwa cha msumari. Hewa ya bahari iliipa kutu, na kutu ile ikateremka kwenye mbao mistari minane ya rangi ya chai. Mmoja wa juu, upande wa kushoto, ulipinda wakati wa kupigiliwa na baba akaugonga ukalala ubavu. Huo ndio niliokuwa naanza nao kuhesabu.

Kila usiku baba alikuja na kijiko cha habasoda na asali. Alikaa ukingoni mwa kitanda mpaka nimeze, akanisomea Ayatul Kursiy, akanipulizia kichwani, akavuta shuka mpaka mabegani. Hakunipiga hata siku moja katika maisha yake. Nilipobanwa usiku, ni yeye aliyeamka, yeye aliyenikanda mgongo, yeye aliyeniweka kwenye baiskeli saa nane za usiku na kuisukuma mpaka hospitali huku akinisemesha njia nzima ili ajue kwamba bado ninasikia. Alfajiri aliingia kazini bandarini, alikokuwa karani, macho mekundu. Mtu akikwambia baba wa namna hiyo hakupendi, utagombana naye. Na ndiyo maana inachukua miaka kuona kwamba mlango umefungwa.

Daktari mmoja aliwahi kumuuliza baba ninalalia nini. Baba akajibu, godoro la sufi. Daktari akamwambia alitoe godoro lile nje kabla jua halijatua, maana vumbi la sufi kuukuu kwa mwenye pumu ni sumu, chetezo cha ubani kisiingie tena chumbani, na dirisha lifunguliwe, hewa ipite. Nilikuwepo, nilisikia kila neno. Baba alimshukuru sana, tukatoka, na hatukurudi kwa daktari yule. Godoro nililalia miaka 9 mingine. Alhamisi baada ya Alhamisi chumba changu kilifukizwa ubani, dirisha limepigiliwa, na mimi nikikohoa baba anasema, "Unaona? Na ungekuwa nje je?"

Katika sinema madaktari wanamwambia Bwana Barrett kwamba binti yake akienda kukaa nchi ya joto, Italia, wakati wa baridi, huenda akapona. Anakataa. Nilipolitafsiri lile nilitazama mbele tu.

Hapa niseme jambo moja ambalo sinema hailitilii mkazo, nami kama mtoto wa pwani hii siwezi kulipita. Mali ya akina Barrett ilitoka Jamaica, kwenye mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Kwetu huku, kusini mwa Tanga, kando ya mto Pangani, kulikuwa na mashamba ya miwa ya namna hiyo hiyo katika karne ya 19, na waliolima walikuwa watumwa vile vile. Mtu aliyekulia katika mali ambayo ndani yake mnaandikwa majina ya watu na bei zao, sishangai akiona kwamba hata mwanawe ni kitu kilicho chini ya mkono wake. Simfananishi baba yangu na huyo katika hilo. Baba yangu hakuwa na mali. Alikuwa na hofu.

Na sasa nije kwenye tukio lililonifunga mdomo.

Elizabeth ana mdogo wake, Henrietta, anayempenda afisa mmoja wa jeshi. Baba anawakuta pamoja. Anamshika Henrietta mikono, anambana mpaka anaumia, halafu inaletwa Biblia na binti anaapishwa juu yake kwamba hatamwona tena yule kijana wala kuwasiliana naye. Elizabeth yupo pale, anatazama.

Nikanyamaza. Watu kule wanaendelea kusema, mimi sisemi kitu.

Baba akasubiri kidogo. Kisha akasema, bila kugeuza kichwa, "Mbona umenyamaza, mama? Anamwapisha, siyo?"

Aliniita mama kwa kuwa nimechukua jina la mamake. Na nikakumbuka kitu nilichopaswa kukijua toka mwanzo: mtu huyu alifanya kazi bandarini zaidi ya miaka 30, anaandikiana na maafisa wa meli za kila nchi. Kiingereza alikuwa anakisikia. Alikuwa amekisikia chote tangu mwanzo.

"Anamwapisha, baba," nikasema.

Halafu nikasema jambo ambalo sikulipanga. "Kama ulivyoniapisha mimi."

Ilikuwa 1991, baada ya posa ya tatu. Nilikuwa nimelia nikamuuliza kwa nini, mara ya kwanza na ya mwisho maishani kumuuliza baba yangu kwa nini. Alitoka, akarudi na msahafu umefungwa kwenye kitambaa cha kijani, akaniambia niende nikatie udhu. Niliporudi akaniwekea mkono wangu juu yake na akaniapisha kwamba sitazungumza na yule kijana maadamu yeye baba yu hai. Niliapa. Mkono wangu ulikuwa bado una maji ya udhu, na kitambaa kile cha kijani kikabaki na alama ya vidole vinne. Usiku ule nilibanwa kuliko usiku wowote.

Watu wa nje hudhani mtoto aliyebanwa namna hii atatoroka. Wengi hawatoroki. Elizabeth Barrett mwenyewe alichukua miezi 20 na barua zaidi ya 570 kati yake na Browning kabla ya kutoka mlango ule. Walifunga ndoa kwa siri kanisani, jijini London, tarehe 12 Septemba 1846, na alipomaliza kufunga ndoa alirudi nyumbani kwa baba yake, akavua pete, akakaa mle ndani juma zima kama kwamba hakuna lililotokea. Ndipo akaondoka na mumewe, mtumishi wake aitwaye Wilson, na mbwa wake Flush. Mimi lile juma nalielewa kuliko sehemu yoyote ya kisa chake. Hata ukishavuka, miguu inakurudisha kwa aliyekuzoesha kuomba ruhusa.

Kwangu mimi aliyefungua njia ni shangazi. Alikwenda kwa sheikh aliyetufundisha madrasa, akamwuliza kuhusu walii, yaani msimamizi wa ndoa ya binti, anayekataa kila posa bila sababu. Sheikh alimsomea aya ya 232 ya Suratul Baqara, inayowakataza watu kuwazuilia wanawake wasiolewe na waume wao pale wenyewe walipokubaliana kwa wema, akamweleza habari ya Maaqil bin Yasar, sahaba aliyeapa kutomrudisha dada yake kwa mume aliyemwacha, na aya iliposhuka akasalimu amri. Akamwambia pia kwamba walii akizuia posa ya mtu anayelingana na binti pasipo sababu ya kisheria, uwalii humtoka. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimtaki mwanamke aliyetimiza miaka 18 kupata idhini ya mzazi. Yote hayo yalikuwepo tangu siku ya posa ya kwanza. Mimi niliyekuwa nikiishi ndani yake sikuwa na habari, kwa sababu hakuna aliyenieleza, nami sikuwa mtu wa kuuliza.

Wazee walikuja mwaka 1993, ukatandikwa mkeka barazani baada ya swala ya alasiri. Baba alisema yale yale: mtoto mgonjwa, akifia huko? Sheikh akamsikiliza mpaka mwisho. Akamwuliza, "Umemwuliza mwenyewe?"

Kukawa kimya. Nikaitwa. Nilisimama nyuma ya pazia, nikaambiwa niseme ninalolitaka, na kwa miaka 25 niliyokuwa nayo sikuwahi kuambiwa maneno hayo. Nilitamka kwamba nataka kuolewa, kwamba namtaka yule wa posa ya kwanza, na kwamba kiapo nilichoapa nataka kukitolea kafara. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Baba hakubishana. Alimpa mdogo wake uwakala wa kuniozesha, na siku ya nikaha alivaa nguo za kazi akaenda bandarini, Jumapili.

Miaka 3 hakunywa hata maji nyumbani kwangu. Alinijibu salamu, akapita. Alirudi nilipojifungua, akaingia na mfuko wa machungwa ya Muheza, akamchukua mtoto, akasikiliza kifua chake kwa sikio kabla hajamtazama uso.

Pumu haikuniua. Kitanda changu kipya kilikuwa na godoro la sponji na dirisha linalofunguka. Nilisoma ualimu nikiwa mtu mzima na mtoto mkononi, na mpaka leo nafundisha Kiswahili. Nikifika kwenye tenzi huwaambia wanafunzi kwamba Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa Tanga, aliwaachia wanawe wasia kwa shairi, na huwataka watazame jinsi mzazi yule anavyosema na mtoto: anamweleza, anampa sababu, anamchukulia kuwa mtu mwenye akili ya kupima. Baba yangu alikuwa na beti nyingi za tenzi kichwani, akizighani vizuri kabisa. Sababu hakuzitoa.

Na sitajificha. Binti yangu alipochaguliwa chuo Dodoma, wiki ya kwanza nilimpigia simu mara tatu kwa usiku mmoja. Asipopokea, nilikuwa nimekwishaona ajali, hospitali, sanda. Usiku mmoja alipokea akaniambia, "Mama, nilikuwa nimelala," kwa upole ule ule niliokuwa nikiutumia mimi kumeza habasoda, na nikautambua. Tulikubaliana siku na saa za kupigiana. Bado kuna usiku nakaa nimeshika simu na siipigi. Ni kazi ngumu, na hakuna anayeiona.

Turudi kwenye ile jioni. Baada ya mimi kusema "kama ulivyoniapisha mimi", baba alijibu, "Ee." Hakuongeza. Tukaendelea mpaka mwisho. Mwishoni Bwana Barrett anagundua kwamba binti ameondoka, na amri yake ya kwanza ni kwamba mbwa wa Elizabeth auawe. Anaambiwa kwamba mbwa naye amekwenda. Uso wa Charles Laughton pale unabaki bila mtu wa kumwamuru. Baba alicheka kidogo, kicheko cha puani. Akaniomba nimsindikize akalale.

Asubuhi, kwenye chai na mihogo, ndipo alipouliza. "Yule mzee na binti yake, walikuja kupatana?"

Nilikuwa nimesoma usiku ule ule, sikulala. Nikamwambia ukweli. Hawakupatana. Mzee alimwondoa Elizabeth katika urithi, kama alivyowafanyia watoto wengine wawili waliofunga ndoa. Elizabeth alipona kiasi cha kushangaza huko Italia, akapata mtoto wa kiume mwaka 1849, na kwa miaka mitano akawa anamwandikia baba yake barua. Mwaka 1851 alipokuja London akamwandikia tena. Barua zote zikarudishwa kwa pamoja, lakiri zake hazijavunjwa. Nyingine zilikuwa na lakiri nyeusi, ile ya msiba, kwa hiyo mzee alizitazama na kujua kwamba huenda ndani mna habari ya kifo, huenda mjukuu wake amekufa, huenda mkwe, na bado hakufungua. Akafa mwaka 1857 hivyo hivyo. Binti alimfuata 1861, huko huko Florence.

Baba alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Nilijua anafikiria nini, kwa kuwa mimi pia nilikuwa nakiona: kitambaa cheupe, ua jekundu, fundo.

"Hakufungua hata moja?"

"Hata moja, baba."

Akakaa. Njiani alipita muuza samaki na baiskeli, akapiga kengele, akaita, akaenda zake. Kisha baba akasema, "Mkewe angekuwa hai, asingefanya vile."

Hapo ninahitaji kueleza kitu alichonisimulia shangazi siku ya harusi yangu. Siku mama alipozidiwa na uchungu wa uzazi, mtoto alitumwa bandarini kumwita baba. Meli ilikuwa inashusha shehena, na hesabu ilikuwa mikononi mwake. Aliona amalize ukurasa. Alipofika hospitali mama alikuwa amekwisha funikwa, na kichanga pamoja naye. Kuanzia hapo hakuchelewa tena kwa lolote. Misumari aliipigilia siku ya arobaini.

Nimemwonea huruma kwa ajili ya ukurasa ule maisha yangu yote. Nilipokuwa mdogo sikuijua sababu, lakini huruma ilikuwepo, na huruma ile ndiyo iliyoninyamazisha. Asubuhi ile niliiona iko pale pale mezani kati yetu, inaningoja nimwambie, ndiyo baba, kweli baba.

"Mkewe alikufa," nikamwambia. "Watoto walikuwa hai."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa na ukungu na sijui aliona nini usoni mwangu. Akanyoosha kikombe nimwongezee chai, nikamwongezea, nikakishikilia naye mpaka mkono wake ulipotulia.